UZI: Zaidi ya miaka 2000 waganga wa macho walisukuma mtoto wa jicho kwa sindano bila kujua wanachosukuma ni nini

#1 Kandili (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu humu ndani, shikamooni.

Mwaka jana nilimpeleka bibi yangu mzaa mama kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ana miaka zaidi ya 80. Jicho la kulia mboni ilishakuwa nyeupe kama tui, na la kushoto alikuwa anamwona mtu kama kivuli kinachopita mlangoni. Miaka minne tulimbembeleza, jibu lake likawa lile lile: "Jicho halichokonolewi, mwanangu." Siku alipokubali, aliingia ndani, na kabla sijamaliza chai niliyonunua pale getini akatoka na bandeji jichoni, anauliza kama tumekula.

Nikiwa kwenye lile benchi nilijiuliza swali ambalo halijaniacha. Kabla ya darubini, kabla ya ganzi, mtu kama bibi yangu alifanywaje? Nimekuwa nikisoma habari hizi kwa miezi, na nimeona nisikae nazo peke yangu. Nitashusha kwa vipande, natumia simu, mnivumilie.

Kwanza tuelewane kuhusu jicho lenyewe. Nyuma kidogo ya mboni kuna lenzi, kitu kiangavu kilichotuna pande zote mbili. Neno lenyewe kwa Kilatini maana yake ni dengu, kwa sababu ya umbo lake. Mwanga unapita hapo, unakusanywa, unaangukia kwenye retina kule nyuma kabisa, na huko ndiko kuona kunakoanzia. Lenzi ikizeeka inapoteza uangavu, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukishaingia kwenye kikaango. Huo ndio mtoto wa jicho. Si utando ulioota juu ya jicho, wala si maji. Ni lenzi yenyewe imeharibika.

Lishikeni hilo. Watu wenye akili sana walilikosa kwa zaidi ya miaka 2000.

#2 Kandili

Tuanzie Misri. Mwaka 1873 Mjerumani Georg Ebers alinunua gombo la mafunjo ambalo leo limehifadhiwa Leipzig, Ujerumani. Urefu wake ni karibu mita 20, na liliandikwa takribani mwaka 1550 KK. Ndani yake kuna mamia ya dawa, na karibu 100 ni za macho. Asali, madini ya shaba ya kijani, unga wa jiwe la risasi (ndugu yake wanja), nyongo za wanyama.

Kuna mbili zilinisimamisha. Ya kwanza ni ya kope zinazogeukia ndani na kukwaruza jicho. Wanasema zing'olewe, kisha mahali pale pakwe damu ya wanyama zisiote tena. Ile damu haikusaidia kitu, lakini kung'oa kope kulimpunguzia mtu mateso, na watu wenye trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaogeuza kope ndani) wanafanya hivyo hadi leo kwa kibanio wakisubiri upasuaji.

Ya pili ni ya mtu asiyeona giza linapoingia. Tiba yake: ini la ng'ombe. Miaka zaidi ya 3000 baadaye, mwaka 1913, watafiti wa Marekani ndipo walipoonyesha kuna kirutubisho kwenye mafuta ya wanyama ambacho baadaye kiliitwa vitamini A, kile kile ambacho kikikosekana mtu huanza kwa kushindwa kuona jioni. Na ini limejaa vitamini A. Wamisri hawakujua neno vitamini. Walimtazama mgonjwa wakaona anapona.

Hapo hapo tuvuke kwenda Babeli, kwenye sheria za Hammurabi, takribani 1750 KK. Lile jiwe jeusi lililochongwa sheria hizo lilichimbuliwa Susa, Iran, mwaka 1901 na 1902, sasa lipo makumbusho ya Louvre, Paris. Tabibu akipasua kwa kisu cha shaba nyeusi akaokoa jicho la muungwana, analipwa shekeli 10 za fedha. Jicho la mtu wa kawaida, shekeli 5. La mtumwa, shekeli 2, analipa bwana wake. Akiliharibu jicho la muungwana, anakatwa mikono. Akiliharibu la mtumwa, analipa nusu ya bei ya mtumwa huyo.

#3 Mwalimu Mstaafu

Marahaba kijana wangu. Umenikumbusha mbali.

Nilifundisha shule ya msingi wilaya ya Kongwa miaka ya 1980. Darasani watoto wa chini, macho mekundu, usaha pembeni, inzi wanatua juu ya kope na mtoto hata hawafukuzi, ameshazoea. Maji yalikuwa mbali, na kila mama aliyabana kwa kupikia. Ilibidi tuwaonyeshe wazazi kwamba kibuyu chirizi kimoja kinatosha nyuso nyingi. Nikisoma hapa kwamba Mmisri wa miaka 3500 iliyopita alikuwa anang'oa kope zile zile, nasikia vibaya. Ni ugonjwa wa zamani mno kuendelea kuwa nao.

Na kwa Wakatoliki humu, someni kitabu cha Tobiti. Mzee alipofuka kwa mavi ya ndege yaliyomdondokea machoni, akafanya utando mweupe, mwanawe akampaka nyongo ya samaki. Nyongo kwenye jicho haikuwa jambo la ajabu kwa watu wa zama zile, hata ukiacha upande wa imani.

#4 Bint Pwani

Kandili, asante kwa uzi. Sasa wanja je? Huku kwetu mtoto akizaliwa tu bibi anampaka wanja wa manga, anasema unakaza jicho na kuzuia hasadi. Umesema Wamisri walitumia jiwe la risasi. Ulikuwa dawa au urembo?

#5 Kandili

Dada, vyote viwili, na watu wa zamani hawakuona tofauti. Mwaka 2010 wanakemia wa Ufaransa walitoa majibu ya uchunguzi wa vipodozi vya Misri ya kale vilivyohifadhiwa Louvre. Walikuta aina mbili za chumvi za risasi ambazo hazipatikani kirahisi hivi hivi, maana yake Wamisri walizipika makusudi. Walipozijaribu kwenye chembehai za ngozi wakaona kiasi kidogo sana kinaziamsha zijilinde dhidi ya vijidudu. Kwa hiyo mtu wa mto Nile, mahali pa mafuriko na inzi, huenda alipata kinga kidogo.

Lakini dada yangu, tusilipeleke hilo kwa mtoto mchanga. Risasi inaingia mwilini na kuathiri ubongo unaokua. Zipo wanja sokoni hadi leo zenye risasi nyingi, na kwa macho huwezi kuitambua.

#6 Mama wa Wanne

Na maziwa ya mama? Wa kwanza wangu alitoka na tongotongo jingi siku ya tatu, wakwe wakaniambia nimkamulie maziwa jichoni. Nilifanya. Alipona lakini mpaka leo najiuliza.

#7 Nesi wa Zamu

Dada pole, na usijilaumu. Ila kwa wengine mnaosoma: mtoto mchanga mwenye usaha machoni siku za kwanza ni dharura, siyo jambo la kusubiri kesho. Inaweza kuwa kisonono alichokipata njiani akizaliwa, na kile kinatoboa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ndani ya siku chache.

Zamani hospitali za wazazi Ulaya zilijaa watoto waliopofuka namna hiyo. Daktari Credé wa Leipzig mwaka 1881 alitangaza alichokuwa anafanya: anafuta macho ya mtoto akizaliwa, kisha tone moja la naitreti ya fedha. Upofu ule ukashuka mno wodini kwake. Dawa ya kupaka ya tetrasaiklini tunayowapaka watoto leo ni mtoto wa wazo lile lile. Kandili endelea, nilikuwa nasoma kimya kimya.

#8 Kandili

Asante Nesi. Na Mama wa Wanne, swali lako limenifikisha nilikokuwa naelekea, maana maziwa ya mama yamo kwenye upasuaji wa kwanza wa mtoto wa jicho ulioandikwa hatua kwa hatua.

India. Kitabu kinaitwa Sushruta Samhita, kwa jina la tabibu Sushruta. Kilianza karne kadhaa kabla ya Kristo, na wengine wakaongeza baada yake. Kinaorodhesha magonjwa 76 ya macho. Soma taratibu hiki kipande:

Siku inachaguliwa, isiwe ya joto kali wala baridi. Asubuhi, penye mwanga. Mgonjwa anakalishwa, wasaidizi wanamshika imara, anaambiwa atazame pua yake mwenyewe. Tabibu anashika sindano ambayo ncha yake ina umbo la punje ya shayiri. Jicho la kushoto anatumia mkono wa kulia, na la kulia mkono wa kushoto. Anatoboa kwenye weupe wa jicho, upande wa sikio, akikwepa mishipa ya damu. Kikisikika kisauti kidogo na tone la maji likatoka, ametoboa mahali sahihi. Hapo hapo jicho linamiminiwa maziwa ya mwanamke anayenyonyesha. Kisha kwa ile ncha anakwangua kile cheupe nyuma ya mboni, huku mgonjwa akiambiwa azibe tundu moja la pua na kupuliza kwa nguvu kwa lile jingine. Mboni iking'aa kama jua lisilo na wingu, na mgonjwa akisema anaona vitu, sindano inatolewa polepole. Jicho linafunikwa kwa pamba yenye samli. Mgonjwa analala chali kwenye chumba kisicho na vumbi wala moshi, na siku 10 anakatazwa kukohoa, kupiga chafya, kubeua na kutema mate kwa nguvu.

Hakuna ganzi hapo, jamani. Mtu yuko macho, na ile sindano anaiona inakuja.

Karne ya kwanza baada ya Kristo, Celsus wa Roma anaeleza kazi hiyo hiyo karibu kwa mpangilio huo huo: mgonjwa ametazama mwanga, tabibu amekaa juu kidogo mbele yake, mtu wa nyuma ameshika kichwa kisicheze, maana kucheza kidogo tu kunaondoa uoni milele. Mikono nayo inabadilishana vile vile. Kama wazo lilisafiri kutoka India au kila mmoja aligundua kwake, wanahistoria bado wanavutana.

Warumi walikuwa na soko kubwa la dawa za macho. Gaul (Ufaransa ya leo) na Uingereza vimechimbuliwa vijiwe vidogo vya pembe nne, zaidi ya 300, vimechongwa kinyume kama muhuri: jina la tabibu, jina la dawa, na ugonjwa unaotibiwa. Dawa ilikaushwa kama kijiti kigumu ikagongwa muhuri, na mtumiaji akaja kuilowesha na maji au ute wa yai. Ni kama leo unavyogeuza boksi la matone usome maandishi.

#9 Jembe la Mkono

Naona humu mnaelekea kule kule kwa siku zote, kwamba wazee hawakujua kitu na hospitali ndiyo inajua. Babu yangu alitibu macho kwa majani, watu walitoka mbali. Hata huyo Mhindi wako alitumia samli na maziwa. Mbona hao mnawasifu?

#10 Kandili

Mkuu Jembe, nakuheshimu na swali lako ni la haki. Sijawadharau wazee. Nimetoka kuandika juu ya ini la ng'ombe, na nimelisifu kwa moyo wangu wote.

Ila jicho ni kitu cha pekee. Mguuni ukipaka jani lenye vijidudu, ngozi inapambana. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana ni angavu, na kwa sababu hiyo hiyo ikipata kidonda inapona na kovu jeupe, kovu lile linabaki. Miaka ya 1980 madaktari waliwachunguza watoto wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Walikuta surua, upungufu wa vitamini A, na mara nyingi juu ya hayo mtoto alikuwa ametiwa dawa ya kienyeji jichoni. Mzazi alifanya kwa upendo, mganga naye hakumtakia mtoto mabaya. Lakini maji ya majani yaliyotwangwa kwenye kinu yalikutana na jicho ambalo tayari limekauka kwa kukosa lishe, likatoboka.

Kwa hiyo nachopima mimi siyo kama tiba ni ya kwetu au ya kwao. Napima kama kuna mtu alirudi kumtazama mgonjwa baada ya mwezi, na akaandika alichokiona hata kama ni kibaya. Utaona huko mbele kwamba Wazungu nao walikuwa na wao waliopofusha watu na kuondoka na gari la farasi.

#11 Jembe la Mkono

Sawa mkuu, hapo nimekuelewa. Endelea.

#12 Kandili

Sasa twende Baghdad na Cairo, kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Daktari wa macho kwa Kiarabu cha zama zile aliitwa kahhaal, kutoka neno kuhl, yaani wanja. Bint Pwani uone, daktari wa macho ni mtu wa wanja! Hunayn ibn Ishaq (809 hadi 873), Mkristo aliyefanya kazi Baghdad, alitafsiri vitabu vya Wagiriki kisha akaandika makala 10 juu ya jicho. Michoro ya jicho iliyo kwenye nakala za kitabu hicho ni katika ile ya kale kabisa tunayoijua. Miaka kama 150 baadaye, Baghdad hiyo hiyo, Ali ibn Isa akaandika kitabu cha mwongozo kwa makahhaal, chenye magonjwa zaidi ya 100, kikatumika kwa karne nyingi.

Halafu kuna Ammar ibn Ali kutoka Mosul. Huyu alikuwa mtu wa safari, akaishia Misri wakati wa khalifa al-Hakim (996 hadi 1021). Wenzake wote walikuwa wanausukuma mtoto wa jicho chini na kuuacha humo humo ndani. Tatizo ni kwamba wakati mwingine ulipanda tena, mgonjwa akarudi gizani. Ammar akatengeneza sindano ya chuma yenye tundu katikati, akaingiza, akavuta kwa kunyonya, uchafu ukatoka nje. Fikirini, sindano tupu ndani yenye upana wa kuingia jichoni, mwaka 1000, imetengenezwa na fundi kwa mkono. Kwa mtoto wa jicho aliye laini inawezekana kabisa. Na kitu kilichonifanya nimpende: aliandika visa 6 vya wagonjwa wake mwenyewe, mmoja mmoja, alichofanya na kilichotokea.

Cairo ya wakati huo huo alikuwepo Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra. Wagiriki wengi waliamini jicho linatoa miale yake inayokwenda kugusa vitu. Yeye akaonyesha kwamba mwanga ndio unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Ukitazama jua jicho linauma, basi kuna kitu kimeingia, siyo kilichotoka.

Sasa lile kosa. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba lenzi ndiyo kiungo chenyewe cha kuona. Mbele yake, alisema, kuna nafasi, na mtoto wa jicho ni ugiligili ulioshuka ukagandia hapo. Waarabu wakauita nuzul al-maa, kuteremka kwa maji. Wafasiri wa Kilatini wakatafuta neno la maji yanayoporomoka, wakaandika "cataracta", na Wazungu hadi leo wanaita hivyo, poromoko la maji. Hunayn alichora lenzi katikati kabisa ya jicho. Ibn al-Haytham naye, pamoja na ukubwa wake wote, aliiacha lenzi kuwa mahali pa kuonea. Hata Vesalius, bingwa wa kupasua maiti, mwaka 1543 alichora lenzi katikati ya jicho.

Mnaona kosa lilivyojilinda? Kama lenzi ndiyo kuona kwenyewe, nani atathubutu kuigusa? Tabibu aliyesukuma sindano aliapa anasukuma maji yaliyoganda. Kumbe kila siku, India, Roma, Baghdad, ile ile lenzi ndiyo waliyokuwa wanaing'oa mahali pake na kuizamisha chini ndani ya jicho. Mkono ulifanya kazi iliyo sahihi nusu, kichwa kikaieleza vibaya.

#13 Mwalimu Mstaafu

Subiri hapo kijana. Kama waliiondoa lenzi njiani, mgonjwa aliona kwa kutumia nini?

#14 Kandili

Mwalimu, hilo ndilo swali. Mwanga ulipita hadi kwenye retina ila hakuna cha kuukusanya, na konea peke yake haitoshi. Kwa hiyo aliona ukungu: mlango, njia, sura ya mtu aliye karibu, ng'ombe na mbuzi akaweza kuwatofautisha. Kusoma hapana, mpaka ziwepo miwani nene sana. Miwani ya kusomea ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 13, ila hiyo ilikuwa ya wazee wenye lenzi zao. Kwa aliyekuwa anashikwa mkono kwenda chooni, ukungu ule ulikuwa maisha mapya.

Hilo ni kama mambo yakienda vizuri. Lenzi iliyozamishwa inaweza kupasuka na kuleta uvimbe mkali, presha ya macho ikapanda, au retina ikabanduka. Wiki ya kwanza mgonjwa anashangilia, miezi inayofuata jicho linauma na kufa. Mpaka leo sehemu za Afrika Magharibi, Mali na Nigeria kwa mfano, wako mafundi wanaotembea vijijini na sindano ile. Wanalipwa mgonjwa anapoona vidole, na matatizo yanapoanza wao wameshafika kijiji cha tatu.

Ulaya ilikuwa hivyo hivyo. Mwingereza John Taylor alizunguka miji kwa mbwembwe, akajiita mganga wa macho wa wafalme. Mwaka 1750 alimtoboa jicho mwanamuziki Johann Sebastian Bach mjini Leipzig, mara mbili ndani ya wiki chache. Bach alipofuka kabisa na akafa Julai mwaka huo huo. Mwaka 1758 Taylor akamshika mwanamuziki mwingine, Handel. Naye hakuona tena.

#15 Nesi wa Zamu

Na hakuna aliyemshtaki. Hammurabi angemkata mikono.

#16 Kandili

Angekatwa, Nesi. Ila naamini sheria ile nayo iliogopesha matabibu wazuri wasiguse macho magumu.

Namalizia. Mwaka 1604 Kepler, mtaalamu wa nyota na hesabu, alishaeleza kwa hesabu kwamba picha inaundwa kwenye retina, siyo kwenye lenzi. Matabibu hawakumsikiliza sana. Mwaka 1705 Mfaransa Pierre Brisseau alipata maiti ya askari aliyekuwa na mtoto wa jicho. Akafanya kitu rahisi ambacho kingeweza kufanywa wakati wowote tangu Sushruta: alisukuma kwa sindano kama kawaida, halafu akalipasua lile jicho atazame kilichosukumwa. Ilikuwa lenzi. Imekuwa nyeupe na ngumu. Hakukuwa na maji wala utando. Alipowapelekea wasomi wa Paris walimkatalia, mpaka Antoine Maître-Jan alipochapisha mwaka 1707 aliyoyaona yeye, yale yale.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Kama lenzi ikiondoka mtu bado anaona, basi itolewe nje isije ikaharibikia ndani. Jacques Daviel alifanya hivyo mwaka 1747, akaeleza kwa maandishi mwaka 1753: anachana konea kwa chini nusu mviringo, anainua, anaitoboa ganda la lenzi na kuikamua itoke. Ganzi bado haipo. Nikifika hapa huwa nafumba macho.

Ganzi ilikuja mwaka 1884 kwa kijana wa Vienna, Karl Koller. Alidondosha maji ya kokeni kwenye macho ya vyura, sungura na mbwa, kisha yeye na mwenzake wakajidondoshea na kujigusa konea kwa kichwa cha pini. Hawakusikia kitu. Mkutano wa madaktari wa macho ulikuwa Heidelberg, na Koller hakuwa na nauli. Karatasi yake ikasomwa na mtu mwingine. Ndani ya muda mfupi dunia nzima ikaanza kutumia.

Na ile lenzi ya plastiki aliyowekewa bibi yangu? Vita vya pili, marubani wa Uingereza waliingiwa na vipande vya plastiki za vioo vya ndege machoni, na Harold Ridley akaona macho yale hayavikatai. Tarehe 29 Novemba 1949, London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka.

#17 Mama wa Wanne

Kaka nimesoma kuanzia juu mpaka hapa na ugali umeungua. Mama yangu yuko hivyo hivyo, jicho jeupe, hataki kusikia hospitali. Hujamaliza habari ya bibi. Bandeji ilipotolewa ilikuwaje?

#18 Kandili

Dada, walitoa kesho yake asubuhi. Nesi alimwonyesha vidole, akavihesabu. Tukampongeza, yeye kimya, anaangalia magoti yake. Kisha akaniuliza kwa ukali nani amembadilishia kanga.

Hakuna aliyebadilisha. Kanga ilikuwa ile ile aliyokuja nayo, ya zambarau. Lenzi iliyozeeka inageuka ya manjano hadi kahawia, inakula rangi za bluu polepole, na yeye kwa miaka alikuwa anaiona kama ya udongo. Alishika pindo akalisogeza karibu na jicho, akalisogeza mbali, akasoma jina kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, silabi moja moja. Baada ya hapo akauliza la pili linatolewa lini.

Kuhusu mama, usimpeleke kwanza kwa daktari. Mpeleke kwa mtu wa mtaani kwenu aliyekwisha kutolewa, wakae wawili waongee. Sisi ndivyo alivyokubali, jirani yake alikuja akamchambulia mchele mbele yake.